Je, ni kweli Yesu hatajwi popote nje ya Biblia?

Mjadala wa dini ukipamba moto, hakosi mtu wa kusema: ukiiweka Biblia kando, hakuna aliyeandika habari za Yesu. Kauli imezoeleka, lakini si kweli.

Mnamo mwaka 116 hivi, Tacitus, mwanahistoria wa Roma, alisimulia jinsi Kaisari Nero alivyowasingizia Wakristo moto ulioteketeza jiji mwaka 64. Akaeleza na asili ya jina lao: Kristo, aliyeuawa kwa amri ya Pontio Pilato, Tiberio akiwa Kaisari. Wala hakuwa akiwapigia debe. Imani yao aliiita ushirikina wa maangamizi.

Josephus, Myahudi aliyeandika miaka ya 90, anahitaji uangalifu zaidi. Aya yake ndefu kuhusu Yesu ina maneno yanayoonekana kuchomekwa na wanakili Wakristo. Myahudi asiyemwamini Yesu angeandikaje waziwazi kwamba ndiye Kristo? Lakini kwingine, akieleza kuuawa kwa Yakobo mwaka 62, anamtambulisha kwa kupita tu: ndugu wa Yesu aitwaye Kristo. Wanahistoria wengi huikubali sentensi hiyo. Ni Yakobo yuleyule ambaye Paulo anasema alionana naye Yerusalemu (Wagalatia 1:18-19).

Ufufuko ni suala la imani. Hapa tunazungumzia mtu aliyeishi na kuuawa. Kweli, hatuna andiko la wakati akiwa hai. Lakini hata Pilato, liwali mzima, jiwe lililochongwa jina lake halikufukuliwa hadi mwaka 1961, huko Kaisaria. Seremala wa Nazareti angechongewa na nani?