Sikio la kushoto la Mwalimu

Mwalimu wetu wa hesabu tumemzika hapa Tanga wiki iliyopita, na msibani kila mtu alikuwa na lake, huyu anasimulia vita, huyu hesabu, huyu gita. Mi kazi yangu ni masikio, napima usikivu kliniki, kwahiyo nitaongelea sikio lake la kushoto maana yote matatu yalikutana humo.

Tulipokuwa darasa la tano alikuwa anakaa barazani kwake Ngamiani jioni, anapiga nyimbo za Black Star na za Atomic Jazz, vikundi vya muziki vya hapahapa Tanga, hana bendi wala halipwi, gharama yake kahawa na kashata basi. Kabla hajaanza anainamisha kichwa, anaegemeza taya kwenye ubavu wa gita alafu anagusa waya mmoja mmoja huku anakaza. Sisi tukajua hiyo ndo mikogo ya wapiga gita, tukawa tunaiga na magita yetu ya galoni.

Miaka mingi baadae akaingia kliniki kwangu. Shikamoo mwalimu. Marahaba, tebo ya saba bado unayo?

Nikachungulia. Sauti ikifika inagonga ngoma ya sikio, kile kiwambo chembamba, unene wake kama sehemu ya kumi ya milimita, chenyewe kinatikisa vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, ndo mtikisiko unaingia koklea, kile kikonokono cha ndani kabisa ya sikio kinachopokea sauti. Ngoma yake ya kushoto ilikuwa na tundu. Alienda vita vya Kagera mwishoni mwa 1978, na mzinga ukipigwa karibu yako hewa inasukumwa kwa kishindo, ngoma inachanika. Tundu dogo mara nyingi linajiziba lenyewe, la kwake halikuziba, na kila aliyemwonea huruma alimtilia mafuta ya nazi ya moto (jamani acheni hiyo kitu), likawa linatoa usaha kila masika. Habari za vita hakuwa mtu wa kuzisema, aliniambia tu kwamba Kampala ilipoanguka Aprili 1979 yeye alikuwa anaona watu wanashangilia midomo, sauti haiji. Akarudi kushika chaki.

Sasa lile taya. Tunacho kichuma cha meno mawili, tunakiita uma, unakigonga kinalia. Nikamwekea shina lake katikati ya paji la uso, nikamuuliza unasikia wapi, akanyoosha kidole kushoto, alafu akacheka, "Yani hili bovu ndo linasikia zaidi?" Ndio mwalimu. Paji la uso ni mfupa, sauti inapita humo moja kwa moja hadi koklea, haina haja na ngoma, na koklea yake ilikuwa nzima. Upande wenye tundu kelele za nje haziingii vizuri kwahiyo ile ya mfupa inajitokeza yenyewe. Kumbe barazani, bajaji zinapita, watoto wanapiga kelele, taya lilikuwa linamletea gita peke yake. Aligundua mwenyewe, hakufundishwa na mtu, na mimi nilikuja kulipia ada kujua kitu kilekile.

Nikagonga uma mara ya pili ili nipime upande wa kulia, akanizuia mkono. "Hii do yenu imeshuka."

Do ile ya do-re-mi. Nikabisha. Uma wa hospitali unatikisika mara 512 kwa sekunde, ndo kipimo chetu. Akaniambia lete karatasi. Gita likitengenezwa kwa noti ya la inayotikisika mara 440 kwa sekunde, ile do inatakiwa iwe 523 na kidogo, sasa 512 iko wapi hapo? Akapiga hesabu kwa penseli yangu, mgonjwa wa pili anasubiri nje kwenye benchi, akaweka vema mwenyewe mwishoni.

Toka siku hiyo akawa kila akija kusafishwa sikio anakuja na gita, analitengeneza kwa uma wangu, sijui ilikuwa ubishi au utani. Gita lote likawa chini kidogo. Kijana wa jirani akileta kinanda chake wapige pamoja haviivi, na mzee anasema kinanda ndo kibovu.

Siku ya tatu ya matanga mjukuu wake alilishusha gita ukutani, akapiga kidogo, akakunja uso, akaanza kutafuta programu ya kutyuni kwenye simu. Nikamwambia acha kwanza, piga hivohivo.