Je, wajua kwa nini mbegu huoza ardhini hali jua linawaka?

Katika nchi zenye majira manne, jua la Machi lina hila. Likiwaka siku tatu mfululizo, mtu anavua koti, anatoa jembe stoo na kufukia mbegu zote kwa mkupuo. Wiki mbili baadaye anafukua kuona kulikoni, anakuta maharagwe yamekuwa uji unaonuka. Analaumu mbegu. Mbegu haina kosa: kilichopata joto ni hewa, udongo bado umelala.

Mchawi ni maji. Udongo uliotoka kwenye majira ya baridi umelowa chepechepe, na kupasha gramu moja ya maji kwa nyuzi moja hutaka joto karibu mara 5 ya lile la gramu moja ya udongo mkavu. Isitoshe, unyevu unaopaa huondoka na joto, kama jasho linavyopoza ngozi. Ndiyo maana udongo wa kichanga, usiotuamisha maji, huwahi kupata joto, na wa mfinyanzi hubaki nyuma.

Sasa itazame punje ya haragwe. Ni kavu, kwa hiyo hufyonza maji kwa pupa na kuvimba. Utando unaozunguka kila seli yake ulikuwa umesinyaa, na lazima ujifunge upya upesi. Maji yakiwa baridi, utando huchelewa, na sukari iliyowekwa akiba kwa ajili ya mche huvujia nje. Kuvu wa udongoni hawahitaji mwaliko mwingine. Chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, haragwe kwa kawaida halifui dafu. Njegere ni jasiri zaidi: nyuzi 5 hivi zinatosha, ingawa huota kwa kujikongoja.

Hapo ndipo bustani ya kijumba huwachanganya wanaoanza. Ni mtindo wa mashambani Uingereza, ambapo maua, mboga na viungo hubanana mpaka udongo hauonekani. Kila kitu kimechanganyika, isipokuwa siku za kupanda. Njegere na maua ya kalendula hutangulia. Maharagwe na maboga husubiri jalidi, yaani umande ulioganda, iishe, nayo huko huweza kuanguka hata Mei. Digitalisi, mmea mwingine wa maua, ina mambo yake: mbegu zake ni kama vumbi, hazifukiwi kwa kuwa huota kwa mwanga, na maua kwa kawaida huja mwaka wa pili. (Mmea wote ni sumu, basi usiuweke jirani na mboga za majani.)

Kabla ya kupanda, chota konzi ya udongo uufinyange. Ukibaki donge linalong'aa, rudi ndani, wala usiukanyage, maana kila unyayo huukamua hewa. Donge likimomonyoka kwa kuguswa na kidole, kazi inaweza kuanza. Kipimajoto kichomekwe asubuhi. Cha alasiri kinakupa matumaini ya bure. Mimi hutazama magugu pia. Yakianza kuchipua kwa wingi, natoa njegere. Maharagwe nayaacha kwanza kwenye kopo.