14.4 na 14.4 si mchezaji mmoja

Mwezi uliopita kijana mmoja hapa Kondele, Kisumu, alimuuza mshambuliaji wake kwenye Football Manager, ile gemu ya kompyuta ya kuendesha timu ya soka. "Omera, fomula imempa huyu mpya 14.4, sawasawa na yule, na bei ni nusu!" Jumamosi amerudi na laptopu kwapani: timu haifungi, fomula ni ya uongo. Fomula yenyewe nilimpa mimi, kwa hiyo mnielewe nikipandisha sauti.

Mnaocheza Football Manager mnajua hesabu. Kila sifa ina 1 hadi 20. Unazidisha kwa uzito, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya uzito. Yetu ilikuwa umaliziaji 4, kujipanga bila mpira 3, kasi 3. Wa zamani: 15, 14, 14. Mpya: 18, 15, 9. Piga mwenyewe, wote 14.4.

Haya, kijana anacheza mipira mirefu nyuma ya mabeki. Mwenye kasi 9 anaufikia saa ngapi? Ile 18 imelipia ile 9 kwenye karatasi, lakini uwanjani hakuna mkopo wa namna hiyo: usipoufikia mpira, umaliziaji wako unabaki mfukoni. Timu yake ingekuwa inapiga krosi, labda ningekuwa namsifu huyo huyo mpya.

Na hizo 4, 3, 3 zilitoka wapi? Kichwani mwangu. Geuza umaliziaji uwe 3 na kasi 4, wa zamani anapata 14.3 na mpya anashuka 13.5. Ni kalamu tu imesogea. Miaka nimebadilisha uzito huu, na timu ikishinda najisifia fomula, hata kama msimu huo nilikuwa nimenunua kipa mpya pia.

Kinachonichemsha zaidi ni desimali. Mchezaji ambaye skauti wako, yule anayekuchunguzia wachezaji, hajamjua vizuri, gemu inakuonyesha umaliziaji "11–15". Watu wanaandika 13, wanapata 14.2, halafu wanabishana usiku kucha kwamba wa 14.4 ni bora. Jamani! Kwa uzito wa 4 kati ya 10, huo mwanya wa 11 hadi 15 peke yake unasogeza jibu kwa 1.6. Unagombania 0.2 ya nini?

Nyota za ripoti ya skauti hazikuokoi, zinapimwa dhidi ya kikosi chako. Uwezo wa sasa, ile alama ya jumla ya mchezaji yenye kikomo cha 200, nao unahesabiwa kwa uzito wa nafasi, na mguu wa pili ukiwa mzuri unakula pointi zake. Uthabiti na urahisi wa kuumia vimefichwa. Fomula haivioni kabisa.

Mimi naitumia kama chekeche. Kwanza naweka kima cha chini, kasi chini ya 12 natupa, ndipo nahesabu, ndipo nawatazama wachache waliobaki wakicheza. Hata hicho kima kina kasoro: niliwahi kumtupa wa 11, akaja na timu nyingine akanifunga mawili.

Nilimweleza kijana yote haya, chai ikapoa. Akatikisa kichwa kukubali, akafungua faili lake.

"Sawa, nimeshika. Sasa kasi niiweke 4 ama 5?"