Mfuko wa jamii haujalala, uko kazini

Mzunguko wa mwaka ukifika nusu, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa hakosekani wa kusimama na kusema: "Mwenyekiti, hela ya mfuko wa jamii imelala tu. Tuikopeshe izae." Kikao kizima kinaitikia. Hela yenyewe ni ile ya kusaidiana kwenye ugonjwa na misiba. Kauli hii imenichosha, kwa hiyo leo nakaa nayo mpaka mwisho.

Tuchukue kikundi cha watu 25. Kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa wiki kwenye mfuko wa jamii, mbali na hisa zake, yaani akiba anayonunua kila kikao. Hiyo ni 12,500 kwa kikao, na wiki 52 zikitimia ni 650,000. Mkiikopesha kwa miezi mitatu, mtoto wa mwenzenu akaandikiwa rufaa wiki ya sita kutoka zahanati kwenda hospitali ya wilaya, hela yenu iko kwenye mbolea na vifaranga. Haijapotea, ila usiku huo hailipi pikipiki. Mfuko huu kazi yake ni kukutwa upo.

Ila kinachoniudhi zaidi ni kinachotokea siku ya kuvunja sanduku, yaani kugawana hela mwisho wa mzunguko. Mfuko ukishakopeshwa, unachanganywa na hela za hisa, na mgao unapigwa kwa hisa. Hebu tuhesabu. Mwisho wa mwaka mfuko una salio la 300,000, na kikundi kina hisa 3,000. Mama aliyenunua hisa moja kila wiki ana hisa 52. Mwenzake aliyenunua tano tano ana hisa 260. Kwenye mfuko wa jamii wote wawili walitoa sawasawa: 26,000 kila mmoja. Mkigawa 300,000 kwa hisa, kila hisa inapata 100, kwa hiyo mwenye hisa 52 anaondoka na 5,200, na mwenye hisa 260 anaondoka na 26,000. Huyu wa pili amerudishiwa kila senti aliyotoa, na mzigo wa wagonjwa wa mwaka mzima umebebwa na wenye hisa chache. Wala hakuna aliyeiba. Ni kanuni mbovu tu, na mtu anaumia bila kujua kaumizwa wapi. Salio hilo ama lianzie mzunguko unaofuata, ama ligawanywe kwa vichwa: 12,000 kila mtu.

Simaanishi mfuko usikopeshe kabisa. Ukopeshe mgonjwa, bila riba. Mimi napendelea nauli na dawa za mwanzo zitolewe kama msaada, tuseme hadi 30,000, na kinachozidi hapo kiwe mkopo wa kurejeshwa ndani ya vikao 12. Ukomo wa msaada wa msiba uandikwe peke yake kwenye katiba, la sivyo misiba inamaliza mfuko na wagonjwa wanaambiwa wasubiri. Risiti ije baada ya matibabu. Kuidai kabla ni kumzuia mgonjwa mlangoni.

Sasa suala la sanduku. Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na linafunguliwa kikaoni tu mbele ya wanachama wote. Kanuni hiyo ndiyo iliyookoa hela za vikundi vingi, na siichezei. Lakini uchungu wa uzazi hausubiri Jumatano. Mwongozo wa vikundi hivi unasema sanduku lisifunguliwe nje ya kikao, halafu unasema mfuko ni wa dharura, na haukuonyeshi njia ya kupita katikati. Ninayoiona inafaa ni kutoa kikaoni kiasi kidogo, 50,000 hivi, akae nacho mwanachama mmoja anayeishi karibu na barabara, kwa saini ya viongozi watatu. Kila kikao anakuja na noti au na maelezo, na katibu anaandika. Lakini hapo mmeshamwamini mtu mmoja, jambo ambalo sanduku lilitengenezwa ili tusilifanye. Mkiiweka kwenye simu ya kikundi, nayo ina namba ya siri, na namba ya siri inajulikana na mtu. Kwa hiyo kiasi kiwe kile ambacho kikipotea, kikundi hakivunjiki.

Kwa mjamzito, aliyetoka kujifungua au mtoto mchanga mwenye dharura, Tanzania kuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura: piga 115, simu haina malipo, na usafiri hamlipii. Kabla ya kugusa mfuko, anzeni hapo. Namba hiyo iandikwe kwenye kifuniko cha sanduku kwa kalamu ya wino mzito.

Na msiuite bima. Kipindupindu kikiingia kijijini, wanachama kumi wanauguza wiki moja, na hakuna mfuko wa watu 25 unaobeba hilo.

Linalonisumbua mpaka leo ni kisukari na presha. Mwanachama anahitaji dawa kila mwezi, maisha yake yote. Mkimpa kila mwezi, mfuko unaisha kabla ya mavuno. Mkimnyima, amechangia 500 zake kwa ajili ya nini? Ushauri ninaoutoa ni kikundi kimkopeshe ada ya bima ya afya ya kaya yake, bila riba, alipe kidogo kidogo. Ushauri huo unafaa pale tu kituo kinapokuwa na dawa. Dawa zikikosekana, kadi anayo na anatumwa akanunue dukani, huku deni la kadi bado liko kwenye daftari la kikundi.