Pikapu ya zamani hula pesa kwenye chuma kabla ya injini

Mtu akiniletea Land Rover 109, pikapu ya zamani ya Series, niifufue, mara nyingi injini ameshaiamua. Ameona picha mtandaoni, ameongea na rafiki, anataka 1HZ, injini ya dizeli ya Land Cruiser, kiyoyozi, rimu pana na rangi ya krimu. Mimi namwomba kwanza tuinyanyue gari tuingie chini. Pikapu nyingi zinazolala miaka kwenye gereji za Dar zikiwa zimefunikwa turubai hazikukwamishwa na bei ya injini. Mwenyewe alimaliza pesa kwenye injini na rangi, halafu ikagundulika chasisi imeoza.

Land Rover za Series, tangu ile ya kwanza ya mwaka 1948 hadi Series III iliyokoma 1985, zina bodi ya aluminiamu juu ya chasisi ya chuma. Watu wakisikia aluminiamu hudhani habari ya kutu imeisha. Kumbe pale metali hizo mbili zinapogusana, unyevu na chumvi ya upepo wa bahari vikiingia katikati, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe kuzunguka kila ribiti, na chuma nacho huoza chini ya rangi bila kuonekana. Ndiyo maana, nikipewa nafasi ya kuchagua, nachukua gari iliyokaa Dodoma hata kama injini yake imekufa, kuliko iliyokaa Msasani au Kigamboni ikiwa inawaka vizuri.

Chasisi yenyewe ni boksi. Tope na maji huingia kwenye matundu yake na kukaa humo, kwa hiyo huoza kutoka ndani kuja nje. Macho hayatoshi. Nagonga kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi boriti ya nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mfu, na mahali pengine ncha ya nyundo inatumbukia kabisa. Ninapopaogopa zaidi ni boriti ya nyuma, vikalio vya springi, na sehemu ya chini ya ule ukuta wa chuma uliopo kati ya injini na dereva. Ukuta huo ndio umebeba usukani, pedali na bawaba za milango. Ukishalegea, mlango haufungi sawasawa hata ubadilishe vitasa vyote.

Nenda pia na sumaku. Bodi ya Hilux au Land Cruiser ya zamani ni chuma, hivyo sumaku isiposhika ujue hapo kuna puti nene. Kwa Land Rover ni kinyume chake: ikishika kwenye madigadi, kuna mtu alishaziba kwa bati.

Na kuiziba bodi hiyo si kazi ya fundi yeyote. Fundi aliyezoea kuchomelea chuma kwa gesi husubiri kiwe chekundu ndipo aweke waya. Aluminiamu haimpi dalili hiyo. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, wakati chuma kinahitaji karibu 1,500, na haigeuki nyekundu kwanza. Unaiona nzima, kufumba na kufumbua pamebaki tundu. Isitoshe, juu yake kuna utando wa oksidi ambao hauyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 2,000 hivi. Inatakiwa mashine ya TIG, ya kuchomelea kwa umeme, gesi ya agoni, na mkono uliotulia. Mafundi wa namna hiyo Dar wapo, lakini ni wachache na bei yao iko juu. Walipeni. Sijaona pesa iliyotumika vizuri zaidi kwenye magari haya.

Rangi nitaigusa tu: kama huna chumba kilichofungwa, usipulize wakati wa masika. Unyevu wa hewa huiachia rangi ukungu mweupe, na maji yanayojikusanya kwenye kampresa hutoka pamoja nayo.

Sasa tuje kwenye injini. Ya asili ya petroli, lita 2.25, haifiki nguvu ya farasi 80. 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, inatoa kama 130. Ni injini ngumu, na spea zake Kariakoo na Gerezani unazipata bila kuhangaika. Lakini ni ndefu na nzito kwa pua ya gari iliyotengenezewa silinda nne. Ukiiweka, rejeta inasogea, springi za mbele zinalemewa, ekseli na difu vinapokea nguvu ambayo havikuundiwa, na kila kimoja kinadai pesa yake. Kwa pikapu ya kutembea mjini na kwenda Bagamoyo wikiendi, mimi napendekeza 3L ya Hilux, lita 2.8, silinda nne. Inaingia vizuri zaidi, na gari inabaki na tabia yake.

Injini yoyote utakayochagua, ichukue na giaboksi yake yenye gia tano. Difu ya Series ina uwiano wa 4.7, yaani propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, huzunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja; maana yake kwa tairi za 7.50-16, ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, propela inazunguka karibu mara 2,500 kwa dakika. Gia ya tano ndiyo inayoipumzisha injini. Wengine hutaka kubakiza giaboksi ya zamani kwa kukerezewa sahani ya kuiunganisha na injini mpya. Inawezekana, ila mkerezaji lazima apime kwa saa ya kupimia (dial gauge) mpaka shafti na flaiwili viwe kwenye mstari mmoja. Vikipishana hata kidogo tu, beringi zitaanza kulia, na klachi haitakaa.

Kabla injini haijawashwa, breki ziwe zimekamilika. Hapo sina mjadala na mteja. Gari hizi zilitoka na breki za dramu magurudumu yote manne, na dramu ikipata moto kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, pedali inakuwa pale pale lakini gari haisimami. Za zamani zaidi zina mzunguko mmoja wa mafuta ya breki, hivyo paipu moja ikipasuka umepoteza zote. Weka diski mbele, busta ya kuongezea pedali nguvu, na masta silinda ya mizunguko miwili.

Upande wa umeme, muulize fundi wako kitu kimoja kabla hajagusa waya: chanya au hasi ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi? Land Rover zilizotengenezwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 zimefunga chanya. Ukiunganisha alteneta ya kisasa bila kulijua hilo, dayodi zake zinaungua hapo hapo. Na kiyoyozi kije mwisho, baada ya mipira ya milango na sakafu. Cabin inayovuja hewa kila upande haipoi, na kondensa ya kiyoyozi iliyowekwa mbele ya rejeta itaipandishia injini joto kwenye foleni ya Ubungo bure.

Lipo jambo la makaratasi ambalo wengi hulikumbuka gari ikishapakwa rangi. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha injini, kumbukumbu za TRA, mamlaka ya mapato, nazo zirekebishwe. Tunza risiti ya injini na nyaraka zake za forodha. Linganisha namba ya chasisi na kadi kabla ya kulipa, si baada. Na kama jina lililopo kwenye kadi ni la marehemu, kama inavyotokea mara nyingi kwa magari ya umri huu, malizana kwanza na familia habari ya mirathi kabla hujanunua hata bolti moja.