Yai halipimwi kwa rangi ya kiini

Tangu joto lianze, malalamiko kuhusu mayai yameongezeka katika ofisi yetu ya afya ya halmashauri, hasa mayai ya bei ya kutupa yanayouzwa kwa trei mitaani. Baadhi ni ya kweli na tunayafanyia kazi. Mengine yanatupotezea muda. Mwananchi anakuja ameshika ile ngozi nyembamba ya ndani ya ganda, anadai ni nailoni na yai ni la plastiki. Ngozi hiyo ipo kwenye kila yai, hata la kuku wa bibi yako kijijini. Na nani atengeneze yai la plastiki, lenye ute na kiini, kisha aliuze kwa bei ya yai?

Wasiwasi wetu uko kwingine. Mayai yanayoingizwa kwenye mashine ya kutotolesha hukaa katika joto la nyuzi 37 na kitu. Baada ya wiki moja hivi mwenye mashine huyamulika na kuyatoa yasiyo na mbegu. Kwetu sisi hayo si mayai ya mezani, kwa sababu joto hilo ndilo bakteria wanalolipenda. Lakini baadhi hurudishwa kwenye trei, yanachanganywa na mazima, na bei inashuka.

Ukiwa na shaka, ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu na uiweke kwenye kitako cha yai. Utaona kivuli cha nafasi yenye hewa. Ikiwa ni ndogo, yai ni la karibuni. Ikiwa imetanuka kushuka upande mmoja, maji yamekauka kupitia vitundu vya ganda na yai limezeeka, au limepitia joto. Kipimo cha bakuli la maji hufanya kazi kwa sababu hiyohiyo: yai jipya hulala chini, kuukuu huelea. Vyote viwili vinakuambia umri tu. Salmonela haionekani kwa tochi wala haielei.

Kuhusu rangi, naomba tuelewane. Kiini huwa cha njano kuku akila majani na mahindi ya njano, hupauka akila mahindi meupe. Rangi ya ganda ni suala la aina ya kuku. Yai la kienyeji lililokaa wiki tatu dukani, juani, jirani na dumu la mafuta ya taa, halilishindi la kisasa lililotagwa juzi. Harufu ya mafuta nayo hupenya ganda.

Nyumbani, yaweke penye kivuli na ubaridi, ncha ikiwa chini. Usiyaoshe kabla ya kuyahifadhi, maana unaondoa utando unaoziba vitundu. Yenye kinyesi yafute kwa kitambaa kikavu na uyapike kwanza. Yakishaingia friji yabaki humo, mbali na mlango. Likitoka jasho, lipike siku hiyo. Lenye ufa usilinunue hata kwa punguzo.

Kupika mnajua. Ninachosisitiza ni kiini kigande, hasa kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee. Kwenye chipsi mayai moto mkali huunguza chini wakati katikati bado majimaji. Punguza moto, funika, geuza. Muuzaji akivunja yai kisha akachota kachumbari kwa mkono uleule, kugandisha kiini hakutakusaidia. Na wanaokunywa mayai mabichi ili wapate nguvu wafahamu kuwa mwili hufyonza protini ya yai lililopikwa vizuri zaidi kuliko ya bichi.

Sasa utaratibu. Ofisa afya akija dukani kwako wewe muuzaji, atajitambulisha kwa kitambulisho. Ana mamlaka ya kukagua chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Akizuia mzigo ataandika hati, nawe utabaki na nakala. Usikubali mzigo uondoke bila hati. Sampuli hufungwa kwa lakiri mbele yako. Mzigo ukionekana haufai, huteketezwa chini ya usimamizi na gharama ni za mwenye mali. Adhabu inaweza kuwa faini, kifungo au vyote viwili. Viwango vya sheria ndogo hutofautiana kati ya halmashauri na halmashauri, hivyo sitavitaja hapa. Faini hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kamwe si mkononi. Anayekudai taslimu mripoti siku hiyohiyo. Wanaoshika chakula, wakiwemo wauza mayai ya kuchemsha, wanatakiwa kupima afya kila baada ya miezi sita, na cheti kiwe kwenye kibanda, siyo nyumbani.

Ukileta malalamiko, njoo na mayai yaliyobaki yakiwa kwenye trei yake, utaje duka na siku uliyonunua. Yaliyokwisha kukaangwa hayatuonyeshi yalitoka trei ipi.