Bendera Mpya, Kambi Ileile: Jeshi la Tanganyika Baada ya Uhuru

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Katika Kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, askari waliendelea kuwapigia saluti maofisa walewale wa Kiingereza. Kikosi chao cha King's African Rifles (KAR), jeshi la mkoloni Mwingereza, kilibadilishwa jina tu, kikawa Tanganyika Rifles. Hata jina la Colito lilitokana na mapigano ya mwaka 1941 huko Ethiopia, ambako askari wa KAR walipigana upande wa Waingereza.

Tunapoelezea makabidhiano ya madaraka, huwa tunataja Bunge, katiba na baraza la mawaziri. Jeshi tunalipitia juujuu, na hapo ndipo tunapokosea. Jeshi la mkoloni liliundwa limtii gavana na kuwatuliza wananchi kwa nguvu pale inapobidi. Waziri mpya alikabidhiwa ofisi na funguo, lakini utii wa askari haukabidhiwi kwa hati.

Onyo lilikwishatoka kwa jirani. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Jenerali Janssens, Mbelgiji aliyeliongoza jeshi la nchi hiyo, akawaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni mamoja. Jeshi lilikuwa limekwisha kuasi kabla ya wiki mbili kupita.

Zamu ya Tanganyika ilifika alfajiri ya tarehe 20 Januari 1964, siku nane baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Askari wa Colito waliwakamata maofisa wao, wakaingia mjini na kuushika uwanja wa ndege. Walidai nyongeza ya mshahara na maofisa Waafrika, hawakudai kutawala. Hata hivyo, kwa siku kadhaa nchi haikuwa na uhakika nani anaiongoza. Mwalimu Nyerere alifichwa, na Oscar Kambona, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, ndiye aliyekwenda kuzungumza na waasi. Kikosi cha Tabora nacho kikaasi, kisha moto ukafika Uganda na Kenya.

Tarehe 25 Januari makomandoo wa Kiingereza kutoka meli ya Centaur waliwanyang'anya waasi silaha, kwa ombi la Nyerere mwenyewe. Tusilipite jambo hili haraka. Rais wa nchi huru alilazimika kumwita aliyemtawala jana ili amwokoe na jeshi aliloachiwa naye. Fedheha hiyo inaeleza mengi yaliyofuata.

Jeshi lile lilivunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania chini ya Mrisho Sarakikya, vijana wa TANU wakawa miongoni mwa walioandikishwa, na askari wakaruhusiwa kuwa wanachama wa chama. Kwa wakati ule nauona uamuzi huo kuwa wa busara, kwa sababu ulimfunga askari na raia wenzake. Lakini ulimfunga na chama pia. Fundo hilo lilifunguliwa vyama vingi viliporudi mwaka 1992: leo ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa haki yake ya kupiga kura imebaki.